Pua ya Fundi

Maharage yaliungua mchana kweupe, huku Fundi Pua amekaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka jikoni, ameligeuzia jiko mgongo, anasugua kabureta kwa mswaki wa zamani. Mkewe alikuwa ametoka kidogo kwenda kwa jirani kuazima sindano ya cherehani. Harufu aliikuta getini. Alikimbia ndani, akakuta moshi mwembamba unatoka chini ya mfuniko na mumewe anapuliza tundu la kabureta kwa utulivu, kama mtu ambaye hana habari ya dunia.

Mke aliibeba sufuria mpaka uani, akaimwagia maji, akarudi akasimama mlangoni. Mwanamume huyu ndiye ambaye madereva wote wa pikipiki wa eneo lile walimwita Fundi Pua. Sababu haikuwa ukubwa wa pua. Wengine walileta vipimo na waya, yeye alifungua tangi, akainama, akafumba macho, akavuta hewa mara moja, kisha akasema: hii petroli safi, hii imechanganywa spiriti, hii imetiwa ile dawa ya injini ya kichupa chekundu, kaitoe. Na hakukosea. Sasa sufuria nzima ilikuwa imegeuka mkaa mgongoni kwake.

"Mume wangu, hukusikia harufu?"

Fundi alijibu kwamba kazi ilimzidi, akili yote ilikuwa kwenye kabureta. Mke hakubishana. Aliingia ndani, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akakikunja, akarudi na kukiweka chini ya pua ya mumewe. Akamwuliza hiki kinanukia nini. Fundi alifumba macho kama kawaida yake. Alivuta hewa taratibu, kwa ufundi wote wa miaka thelathini.

"Sabuni," alisema.

Mke aliketi sakafuni. Kwanza alicheka, maana mtu atafanya nini, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine, akajifuta macho kwa kilekile kitambaa, na mafuta ya taa yakamwasha. Fundi aliweka kabureta chini. Akasema ni tangu yale mafua ya msimu wa mvua. Mafua yaliisha, pua ikafunguka, pumzi ikapita, lakini harufu haikurudi. Kila asubuhi alikuwa akinusa shati lake la kazi kabla hajavaa, akitumaini. Miezi mitatu.

Miezi mitatu! Mke alihesabu vyungu vyote alivyopika katika miezi hiyo, na sifa zote alizopewa mezani. Kumbe alikuwa anavishwa kilemba cha ukoka. Akamwuliza, kwa sauti ya kuumia kweli, mbona kila siku alisema mchuzi ni mtamu.

"Nilikuwa naukumbuka," Fundi alisema.

Mke akainuka, akaenda uani kukwangua sufuria.

Ni lazima uelewe kwamba zamani pua haikuwa jambo kubwa namna hiyo. Petroli ilikuwa petroli. Lakini siku hizi vituo vingine vinauza mafuta yaliyochanganywa spiriti, kwa kiasi kinachojulikana, na pikipiki mpya zinayanywa bila shida. Wako pia wachanganyaji wa vichochoroni, wanaouza kwenye chupa kando ya njia kwa bei ya chini, wanatia spiriti kadiri wapendavyo. Pikipiki kuukuu ikinywa mafuta hayo, mipira yake huvimba, maji hujikusanya chini ya tangi, na kubwa kuliko yote injini hupata moto kupita kiasi, kwa sababu spiriti hutaka mlango mpana zaidi kwenye kabureta. Fundi akijua kilichomo, anaupanua mlango, mambo yanakwenda. Asipojua, anaubana kama wa petroli, na injini inajichoma yenyewe kwa ndani huku dereva anapiga mluzi.

Katika miezi mitatu ile Fundi aliishi kwa ujanja. Aliinama kwenye tangi, akafumba macho, na kabla hajafumbua akauliza, kama mtu anayepiga soga tu, "Umetia wapi?" Dereva akitaja kituo, Fundi alijua kituo kile kinauza nini, akatoa hukumu. Watu waliondoka wakitikisa vichwa kwa kustaajabu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata sasa ilikuwa imejua.

Mke alikuwa mshonaji wa viti vya pikipiki. Alishonea nyumbani. Kesho yake aliwaambia majirani kwamba nyumbani hakuna mwanga wa kutosha, akabeba cherehani na meza yake mpaka gereji, akaketi mlangoni. Mpango ulikuwa huu. Fundi atachovya kitambaa kwenye tangi kana kwamba anafuta mdomo wa tangi, atainama na kufumba macho kama ada, kisha atakitupa kitambaa karibu na cherehani. Mke atakiokota kana kwamba anafuta mashine. Petroli ikiwa safi, atatulia. Ikiwa na spiriti, atakanyaga pedali.

Hakuhitaji kufundishwa sana. Alikuwa amefua nguo za mtu huyu miaka ishirini na sita. Petroli safi ilimkwaruza kooni, spiriti ilikuwa na utamu wa zahanati, na dawa za injini za vichupani kila moja ilikuwa na manukato yake ya kujipendekeza. Siku ya kwanza alikanyaga mara nne, na mara nne alikuwa sahihi. Walitazamana kwa pembe ya macho kama wachumba wanaoficha barua. Fundi alikuwa hajamwona mkewe akifurahi namna ile siku nyingi.

Madereva hawakukosa la kusema. Mmoja wao, waliyemwita Mbishi kwa kuwa angebishana hata na kivuli chake, alisema shemeji amehamia kazini ili amlinde mzee asiibiwe na wateja wa kike. Mke akamjibu kwamba kama kuna mwizi wa kumtaka mzee huyu, aje amchukue na nguo zake za kufua. Watu wakacheka. Zikapita siku tano hivyo, tena siku nzuri.

Siku ya sita alikuja mtu wa mikate.

Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye pikipiki kuukuu na kreti kubwa nyuma, aliyechukua mikate kutoka kiwandani alfajiri na kuisambaza madukani kabla watoto hawajaenda shule. Siku hiyo alikuja anaisukuma. Kreti ilikuwa tupu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, kwa sababu alikuwa ameisukuma kutoka ng'ambo ya mji.

Siku chache kabla ya maharage kuungua, mtu huyu alikuja akilalamika kwamba pikipiki haina nguvu. Fundi aliinama, akafumba macho, akauliza ametia wapi. Alitajiwa kituo cha barabara kuu, ambacho kila mtu alijua kinauza petroli safi. Basi Fundi alisema mafuta ni safi, akaubana mlango wa kabureta, akamruhusu aende zake. Sasa injini ilikuwa imekwama kabisa. Ukikanyaga kiwashio, ni kama kukanyaga jiwe.

Mke alitarajia lawama, akajikaza. Lawama hazikuja. Mtu wa mikate aliketi kwenye kreti yake, akasema hakuja kutengenezewa. Kiwandani walimwambia keshokutwa ni siku ya mwisho. Asipofika na chombo, njia yake atapewa mwingine. Na yeye ameshakata shauri: mnunuzi wa vyuma chakavu ataichukua pikipiki asubuhi. Alichotaka ni Fundi amwambie vipuri gani bado vizima, asije akapunjwa.

Mke aliuliza kwa nini haraka hivyo, mbona injini haijafunguliwa hata ikaonwa.

"Shemeji, kama shida ingekuwa mafuta ningesema inatengenezeka," alisema mtu wa mikate. "Lakini mzee aliinusa akasema mafuta safi. Basi ni injini yenyewe imechoka. Amesema mtu asiyekosea, nitapoteza nguvu za nini?"

Fundi alichovya kitambaa. Alikitupa karibu na cherehani, na mke hakuhitaji hata kukiokota. Utamu wa zahanati ulimfikia palepale alipoketi. Haikuwa spiriti ya kiasi. Ilikuwa spiriti iliyopewa petroli kidogo kwa heshima. Alikanyaga pedali. Mumewe hakugeuka. Akakanyaga tena, kwa nguvu, cherehani ikalia bila nguo ndani yake, sindano ikipanda na kushuka hewani, akaendelea kukanyaga mpaka mtu wa mikate akamtazama.

"Tairi la nyuma bado zuri," Fundi alisema. "Na taa. Usikubali akupunje kwenye taa."

Mtu wa mikate alimshukuru, akampa mkono, akaanza kuisukuma pikipiki yake kurudi nyumbani. Mke aliacha pedali. Hakuweza kumtazama mumewe, na mumewe hakuweza kuitazama cherehani.

Jioni ile walikula pamoja. Fundi hakusifia mchuzi, na hilo peke yake lilikuwa maungamo. Mke aliondoa sahani, akaja akaketi karibu naye, bega kwa bega, wote wakiangalia ukuta. Alikuwa amejiandaa kumpa maneno makali, maana mchana kutwa yalimjaa kifuani. Lakini alipomwona amekunja mabega vile, yakayeyuka.

"Leo nimekanyaga mpaka mguu umeuma," alisema. "Hukunisikia?"

"Nilikusikia."

"Basi?"

Fundi alitazama viganja vyake. Akasema kwamba mafundi wa pikipiki wako tele, kila kona yupo mmoja, wengine wana vifaa ambavyo yeye hawezi hata kuvitamka. Watu walivuka gereji nne kuja kwake kwa ajili ya kitu kimoja tu. "Nikiwaambia sina pua, nabaki na nini?"

"Mikono yako haijapata mafua," mke alisema.

Aliichukua ile mikono, iliyojaa weusi usiotoka kwa sabuni yoyote, akaiweka mapajani mwake. Akamwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini safari hii kinachokufa ni riziki ya mtu mwingine, na yule mtu hata hajui nani amemuua. Kisha akasema jambo ambalo lilimtoka kwa shida: kwamba yeye pia amo. Alibeba cherehani akaenda kushiriki. Siku tano alifurahia mchezo ule kama mtoto, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika maisha yake kazi ya mumewe ilimhitaji. Nusu ya uongo ilikuwa yake, na nusu yake alikuwa haitaki tena.

Fundi alimwegemea, na mke akajua kwamba asubuhi watatoka wawili.

Walipanda pikipiki yao wenyewe, mke nyuma, mkono kiunoni mwa mumewe, na jua lilikuwa bado halijawa kali walipofika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Pikipiki ya mikate ilikuwa imelazwa ubavu karibu na mizani. Mtu wa mikate amesimama pembeni, ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani. Mbishi alikuwepo na madereva wengine wawili, waliokuja kutafuta vipuri. Mke alitamani wasiwepo. Mumewe aliwaona, akasita, kisha akapiga moyo konde.

"Usiiuze," alisema. "Mimi ndiye niliyeiharibu. Sisikii harufu. Miezi mitatu sasa sisikii harufu ya kitu chochote."

Mtu wa mikate hakuelewa. Alisema lakini mzee aliinusa, yeye mwenyewe alimwona akiinusa.

"Niliinama tu. Nilikuuliza umetia wapi, nikasema ulichotaka kusikia."

Mnunuzi wa vyuma alijifanya anapanga mawe ya mizani. Mke aliona uso wa mtu wa mikate ukibadilika polepole, na haukuwa uso wa kusamehe. Alisema jana usiku alimwambia mkewe kwamba basi, mikate imekwisha, na mkewe akalia. Alisema alisukuma pikipiki ile mji mzima, akapita pale gereji, akampa mtu mkono. Alisema hayo bila kupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angetukana.

Fundi alimwomba mnunuzi chupa ya kioo. Alitia maji kidogo, akachora alama kwa msumari, akaongeza mafuta kutoka tangini, akaitikisa, akaiweka juu ya mizani ili wote waone. Petroli ilipanda juu na maji yakakaa chini, lakini maji hayakukaa kwenye alama yake; yalikuwa yameipita vidole vitatu, kwa sababu spiriti yote ilikuwa imekimbilia huko. Fundi akaeleza hilo, akasema kipimo hiki alikijua siku zote, akakidharau, akakiita cha wasio na pua.

Mtu wa mikate aliitazama ile chupa. Kofia ikaanza kuzunguka mikononi.

"Sikutia barabara kuu," alisema mwishowe. "Nilinunua ya chupa, kule nyuma ya soko, wiki mbili hizi. Uliponiuliza mbele za watu, niliona haya kusema."

Wanaume wale wawili wakatazamana, kila mmoja na haya yake. Mke aliwahurumia wote kwa pamoja, akajisemea kwamba dunia hii ingekuwa na majanga machache kama watu wangekubali kuitwa maskini au wagonjwa. Lakini hakusema, maana haikuwa nafasi yake.

Pikipiki ya Fundi na ile ya mikate zilikuwa za aina moja, zimetofautiana mwaka tu. Walizipeleka zote mbili gereji. Fundi aliifungua yake, akatoa silinda na pistoni yake, vile vilivyowapeleka yeye na mkewe kwa binti yao kila Jumapili, akaviingiza kwenye pikipiki ya mikate. Mke alimshikia boliti moja baada ya nyingine. Fundi akaurudisha mlango wa kabureta mahali pake, akamwaga mafuta yote ya tangini, akatia petroli safi. Alasiri injini iliwaka, ikakohoa, ikatulia kwenye mlio mmoja. Mtu wa mikate alisikiliza kwa muda. Hakushukuru. Alisema kesho alfajiri ataipeleka kiwandani, na ikifika atakuja kusema, na isipofika pia atakuja kusema.

Ilifika. Alikuja kusema hivyo kwa maneno matatu, bila kuzima injini, akaenda zake. Fundi alisema inatosha, na mkewe akakubali kwamba inatosha.

Habari zilizunguka kabla ya jua kuzama, na ile ya kitambaa na cherehani pia, maana mke hakuificha tena. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili alikuja mmoja kuchukua kiti chake kilichoshonwa, akafanya haraka kama anayetoka kwenye nyumba ya mgonjwa. Kijiweni walikuwa wameshampa jina jipya, Fundi Mafua, na aliyetunga alikuwa Mbishi. Fundi na mkewe walikuwa sasa wanakwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na Jumapili ile binti yao aliwasubiri bure. Njiani Fundi alikuwa akimwuliza mkewe harufu za vitu wanavyovipita, naye alimwambia: hapa wanapaka rangi, hapa mtoto amejiharia, hapa kuna mtu ana kiatu kibovu. Fundi alicheka mara mbili. Mengine aliyapokea akitazama njia.

Siku ya nne, karibu na saa tano, Mbishi aliingia gereji na pikipiki yake inanguruma vibaya. Alikuwa na abiria wa kumpeleka mbali mchana huo. Alifungua kifuniko cha tangi, na Fundi alipoinuka kwenye kigoda, Mbishi alimpita, akaenda mpaka kwenye cherehani.

"Nusa wewe, shemeji," alisema. "Tumeshajua nani alikuwa ananusa."

Mke alimtazama mumewe. Aliona neno lile limemwingia wapi. Fundi alisimama pale katikati ya gereji yake, mikono imening'inia, na kwa muda mke alidhani ataingia ndani. Badala yake alikiinua kigoda chake, akakipangusa kwa kiganja, akakiweka kando ya pikipiki ili mkewe akae.

Alikaa, akainama kwenye tangi. Hakufumba macho. Alinusa mara ya kwanza, akanusa mara ya pili. Kulikuwa na ukwaruzo wa petroli, na chini yake labda utamu, lakini juu ya vyote kulikuwa na manukato ya dawa ya kichupa, makali mno, yamefunika kila kitu. Alijua wanaume wote wawili wanamngojea. Alijua pia kwamba angeweza kuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, ametia wapi.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Sijui. Umetia dawa humu, imenivuruga pua. Nikikwambia neno nitakuwa nabahatisha."

Fundi alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya mteja katika miaka thelathini. Alilisikia kutoka kwa mkewe. Alingoja Mbishi afunge tangi lake, apande, aende gereji nyingine akasimulie. Mbishi alitazama saa. Kisha alizima injini, akavua kofia ngumu, akaitundika kwenye usukani, akaketi chini kwenye kivuli cha mlango na kunyoosha miguu.

"Haya, tieni maji kwenye chupa tuone," alisema. "Nitangoja."

Fundi aligeuka kutafuta chupa. Ilikuwa juu ya meza, mbele yake kabisa, lakini alipapasa kulia akapapasa kushoto asiione, kwa jinsi machozi yalivyomjaa. Mkewe aliinuka, akaichukua, akamwekea mkononi.